Usimvushe Radi Kabla Hujavuka Wewe

Barua yako imefika, kurasa zote tatu, pamoja na picha ya farasi Radi akiwa ametoa macho mbele ya kijito ambacho mtoto angekivuka bila kulowa tumbo. Samahani, nilicheka kidogo. Kisha nikafungua ukurasa wa pili, na kicheko kikaniisha.

Kwa faida ya wasomaji wengine, kisa chenyewe ni hiki. Wewe ni saisi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, ambako wageni huja kupanda farasi na kutembezwa kati ya twiga na pundamilia. Tajiri wako alinunua farasi aliyestaafu mbio za Ngong, dume aliyehasiwa, mwekundu, mrefu, mzuri wa kutazamwa, akakukabidhi wewe. Kwenye nchi kavu Radi hana neno. Lakini njia ya wageni inakata kijito chenye maji ya magotini, na akifika hapo haendi tena. Ukimsukuma anarudi nyuma, ukimvuta anasimama wima kwa miguu ya nyuma. Kalvati hataki, daraja la mbao hataki, hata gogo lililoanguka njiani analizunguka kwa mbali. Wenzako wamekupa jina, "saisi wa nchi kavu". Tajiri naye amesema wageni wa mwezi wa saba wakifika Radi awe anavuka, la sivyo atauzwa na wewe utarudi kuzoa samadi. Na wiki iliyopita, msimamizi akiwa amesimama nyuma yako, ulimchapa kiboko pale ukingoni mpaka akatoa jasho jeupe, na bado hakuvuka. Sasa unataka kujua kwa nini farasi huyu anakudharau, umfanyeje avuke, na kama ni heri uache kazi.

Tuanze na dharau, maana naona ndiyo inayokuuma kuliko yote. Radi hakudharau. Farasi aliyefika ukingoni mwa maji hana nafasi ya kumdharau mtu. Ana shughuli moja tu kichwani, nayo ni kubaki hai. Huyu ni mnyama anayeliwa. Mababu zake waliosimama kuchunguza kama kilichong'aa majanini ni umande au ni jicho hawakuacha watoto wengi. Waliokimbia kwanza ndio waliozaa. Kwa hiyo unapomwona ameganda, masikio yote mawili mbele, pua zimepanuka, mgongo umekuwa mgumu chini ya tandiko, usidhani huo ni ukaidi. Anauliza swali, na swali lake lina maana: hapa chini kuna ardhi au hakuna?

Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu duara zima bila kugeuka, lakini kuna mahali hapaoni: nyuma ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso kushuka hadi chini ya pua. Maana yake ni kwamba maji yaliyo karibu na kwato zake hayaoni vizuri mpaka ainamishe kichwa. Sasa wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, ukifika ukingoni unakaza vigwe "ili asikimbie". Kichwa kinapanda juu. Umeshamfumba macho, kisha unamwamuru aingie.

Kuna na mwanga. Jicho la farasi huchelewa kuliko letu kuzoea giza anapotoka juani na kuingia kivulini. Katika picha yako migunga imekifunika kijito chote, na njia inayofika hapo ni ya jua kali. Wewe unaona kivuli kizuri cha kupumzikia. Yeye anaona shimo jeusi lenye vipande vya mbingu vinavyochezacheza juu yake. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na Radi, pamoja na kilo zake 450 au zaidi, mbele ya kijito hicho ni chungu.

Fikiria pia alikotoka. Farasi wa mbio hukulia bandani na mazoezini. Alfajiri anatolewa, anakimbizwa kwenye njia iliyosawazishwa, anaoshwa kwa maji ya mpira, anarudishwa. Ni nadra mtu kumwomba asimame, atazame, afikiri, kisha aweke mguu. Wengi wao pia wamezoea kuegemea lijamu: kadiri mpandaji anavyoshikilia vigwe, ndivyo wanavyokaza mwendo. Unamvuta ukidhani unamtuliza, kumbe yeye anasikia ajiandae kwenda mbio. Mbele kuna maji, nyuma kuna msimamizi. Amebakiwa na juu, na juu ndiko anakokwenda.

Kuna jambo hukulitaja kabisa, na kwa mtu wa Naivasha si la kusahau: kiboko. Sisemi kile cha mkononi, nitakifikia. Nasema yule wa ziwani. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na tangu maji ya ziwa yapande mnamo 2020 na kumeza mashamba na nyumba za watu, ukingo wa ziwa si ule tulioujua. Pua ya farasi inasoma aliyepita usiku hata kama wewe huoni kitu. Kwa hiyo kabla ya mengine yote, nenda kwa miguu jua likishapanda, pamoja na mwenzako anayezijua nyayo, mkague kivuko hicho na kingo zake. Tafuteni nyayo za vidole vinne, na kinyesi kilichorushwarushwa vichakani. Mkizikuta, basi kati yako na Radi mwenye akili ni Radi, na dawa ni kuhamisha njia ya wageni. Mgeni aliyelipia kupanda farasi hakulipia kukutana na kiboko anayerudi kutoka malishoni.

Sasa kile cha mkononi. Karibu miaka 2,400 iliyopita Mgiriki mmoja aliyekuwa askari, Xenophon, aliandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi. Humo anaonya kwamba farasi akiogopa kitu, ukimpiga unamzidishia hofu, kwa sababu yale maumivu anadhani yametoka kwenye kile kitu. Anashauri mtu akiguse kitu hicho yeye mwenyewe, kisha amsogeze farasi kwa upole. Na kumwendea farasi ukiwa na hasira anakataza kabisa. Pima hayo na siku ile ya wiki iliyopita. Radi alifika kijitoni na shaka tu, kwamba huenda maji haya yanauma. Ulipomchapa, yakamuuma. Shaka imekwisha, sasa ana hakika.

Sikuambii haya ili ujichukie. Umeandika kwamba usiku ule hukulala, na kwamba asubuhi ulipofungua banda Radi alikugeuzia makalio ukasimama pale mlangoni hujui la kusema. Mkatili angelala. Ulikuwa na msimamizi mgongoni na kicheko cha wenzako masikioni, ukafanya wanachofanya watu wengi wakiaibishwa mbele za wengine: ukamtafuta aliye chini yako. Limepita. Lakini kiboko hicho kitundike ghalani, na usikibebe tena kwenda majini, hata kwa kutishia tu. Farasi hasahau upesi mahali alipoumia. Anaweza kufunzwa upya, ila gharama yake ni muda, na muda huo utautoa wewe.

Nije kwenye ule mstari mmoja. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya salamu za mwisho, umechomeka maneno kana kwamba si kitu: eti na wewe maji huyapendi, mto uliwahi kukuchukua ukiwa mdogo. Kijana wangu, kurasa tatu nzima umezijaza uoga wa farasi, na wako umeupa mstari mmoja, tena chini ya sahihi! Mimi ningeanza hapo.

Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio dogo. Watu waliwaongoza farasi kwa kamba, wengine wakawapanda, wakapita njia ile ile mara nne, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya safari ya nne mtu aliambiwa kwamba akipita mahali fulani mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini moyo wa mtu ulienda mbio kwa kuungojea, na moyo wa farasi ukaenda mbio pia, ingawa yeye hakuambiwa lolote na mtu yeyote.

Wewe kila ukikikaribia kijito unangojea mwavuli. Mkono unafupisha kamba, pumzi inakatika, macho unayashusha majini. Radi hajui habari za mto wa utotoni mwako. Anachojua ni kwamba mtu anayempa chakula kila siku, akifika hapa, anakakamaa. Angekuwa mjinga asipokakamaa naye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina farasi ndani yake. Vaa gambuti, chukua fimbo ndefu, nenda na mwenzako unayemwamini, na mkishahakikisha hakuna dalili ya kiboko, vuka wewe. Papasa chini kwa fimbo kabla ya kila hatua: wapi kuna changarawe, wapi kuna tope linalomeza, wapi pana shimo. Rudi. Kesho vuka tena, na kesho kutwa, mpaka kijito hicho kikuchoshe. Utapata faida mbili, moyo utatulia na sakafu ya kijito utaijua kuliko tajiri mwenye shamba. Na kama siku zinapita bado magoti yanalegea, si aibu hata chembe. Mwombe mwenzako ndiye amwongoze Radi majini, wewe ushike mazoezi ya nchi kavu. Sifa za nani kamvusha nani ni shida za binadamu, farasi hazimhusu.

Wakati huo huo aitwe daktari wa mifugo. Farasi anayekataa kushuka ukingo huenda mgongo unamuuma chini ya tandiko lisilomkaa, huenda kwato zina kidonda, huenda ni meno na lijamu, huenda jicho moja halioni sawasawa. Mnyama mwenye maumivu hafunziki, na kumfunza ni kumwonea. Daktari akija, muulizeni pia juu ya chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi. Pundamilia huubeba bila kuugua sana, farasi huuawa nao, na usubi huo hupenda sehemu zenye majimaji na huuma zaidi jua linapotua mpaka macheo. Mazoezi ya kijitoni yafanyike saa nne za asubuhi, siyo magharibi, hata kama magharibi ndipo kazi zako zinapungua.

Mazoezi yenyewe yaanze mbali na maji. Tandaza turubai uwanjani, ulikunje liwe jembamba, ukandamize kingo zake kwa mchanga upepo usilipeperushe. Mvike Radi hatamu na kamba ndefu ya mita nne hivi. Usimpande. Simama ubavuni usawa wa bega lake, kamwe usisimame mbele yake, kwa sababu farasi anayeamua ghafla kuvuka huruka, na atatua pale ulipo wewe. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje mikunjo inayofunguka, uishike katikati. Najua unajua. Najua pia kwamba masaisi wengi wanajua na vidole vyao havijatimia.

Sasa mpe mvuto mdogo wa kamba, usubiri. Akiegemeza mwili mbele, hata kama mguu haujanyanyuka, legeza kamba papo hapo. Kulegea huko ndiko kunakomwambia "hapo hapo, umepata". Ukichelewa, atakuwa ameshahamia jambo jingine na utakuwa umemsifia hilo. Ukilegeza anaporudi nyuma, umemfunza kurudi nyuma. Nashuku hivyo ndivyo alivyofunzwa hapo shambani bila mtu kukusudia: anafika kijitoni, anapigana, nyote mnachoka, anarudishwa bandani kula. Kwake ule ni mshahara, na kazi aliyoifanya ni kukataa.

Utauliza, je, hofu ikimzidi? Basi mrudishe wewe, kabla hajalipuka. Ziko dalili: weupe wa jicho unaonekana, kichwa kinapanda, miguu haitulii, pumzi inakuwa fupi. Mpeleke nyuma hadi pale anapoweza kushusha shingo na kupumua, umkune pale shingo inapokutana na mgongo, ambapo farasi hukunana wao kwa wao. Akishatulia, mrudi tena, hatua chache tu. Kumrudisha wewe na kukimbia yeye ni mambo mawili tofauti, hata kama msimamizi akiwa kwenye uzio ataona jambo moja. Atakwambia ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Ni methali ya kweli kwa watu. Radi aruhusiwe kuvua nguo, akayatazama maji, akavaa tena, akaenda kulala.

Siku atakapotembea juu ya turubai bila kulitazama, lifungue liwe pana. Kisha mwagia maji juu yake. Mvua ikinyesha, madimbwi ya njiani ndiyo shule yenu, na usimkwepeshe hata moja. Laza ubao mpana na mnene chini, apite juu yake asikie sauti ya kwato zake mwenyewe, maana kwenye daraja la mbao kinachomtisha ni ile ngoma inayolia chini ya miguu. Weka magogo, kwanza moja, ayavuke kwa kutembea. Kila zoezi liwe fupi, robo saa inatosha, na ukome anapofanya vizuri. Ukiendelea kwa tamaa ya mara moja zaidi utamaliza kwa ugomvi, na kesho atakumbuka ugomvi.

Mkifika kijitoni, mwende na farasi mzee aliyezoea kuvuka. Shamba lako bila shaka linaye. Huyo atangulie aingie majini asimame, au avuke asimame ng'ambo karibu tu. Akienda zake akapotea vichakani, Radi atajiona ameachwa peke yake na hofu itakuwa mara mbili. Chagua mahali papana, pasipo kina, penye changarawe, ukingo usio mkali wa kushukia na wa kupandia. Mtu hudhani mahali pembamba ndipo rahisi. La. Mahali pembamba panamwita aruke, na wewe uliyeshika kamba hutapenda atakapotua. Kukiwa kumenyesha milimani na maji yamekuja mekundu, chini huoni, geuzeni mwende nyumbani bila mjadala.

Atashusha kichwa. Mpe kamba yote anayoitaka. Pua itagusa maji, atapuliza, maji yatamrukia puani naye atastuka hatua mbili nyuma. Usicheke, usimvute. Atarudi mwenyewe, kwa sababu farasi ni mdadisi karibu sawa na alivyo mwoga. Atanyoosha kwato moja ya mbele na kupiga uso wa maji, asikilize, apige tena. Kisha mguu utazama mpaka kwenye kifundo na utabaki humo, na utaona ngozi ya begani inatetema. Huo mguu mmoja ndio kazi ya siku nzima. Legeza, mkune, mtoe, mpeleke kwenye nyasi. Najua ukimwona hivyo utataka amalizie miguu mitatu iliyobaki. Jizuie.

Kumpanda kuje baadaye kabisa, akishavuka kwa kamba bila neno. Siku hiyo valia kofia ya kinga, ukanda wake ukiwa umefungwa kidevuni, na viatu vyenye kisigino, mguu usije ukapenya kwenye kikuku ukanasa. Kama tandiko lake lina ule mkanda unaozuia kichwa kisipande, uvue kabla ya maji, kwa sababu farasi akijikwaa mtoni anahitaji kichwa chake ili ainuke. Legeza vigwe, shika singa za shingo kama unahitaji kitu cha kushika, na macho yako yawe ng'ambo. Ukitazama maji yanayopita utapata kizunguzungu, na wewe si mtu wa kuongezewa sababu. Akishayazoea, usimwache asimame katikati akichimbachimba maji kwa kwato. Farasi anayefanya hivyo mara nyingi anajiandaa kulala agaegae, na hatakuomba ushuke kwanza. Msukume aende mbele. Maji yakimfika tumboni, hiyo si njia ya wageni tena, na huo ni mto wa kuheshimiwa.

Vikwazo vingine havina sheria mpya. Nailoni za mabanda ya maua zinazopigapiga kwa upepo, bodaboda inayotokea kwenye kona, kalvati lenye mwangwi: mbali kwanza, aone, ashushe kichwa, mlegezee, hatua chache, kwisha. Ukishaisikia mikono yako ikilegea kwa wakati, mengine utayagundua mwenyewe.

Sasa tajiri. Tarehe yake ya mwezi wa saba isikutoe jasho, lakini usimwendee kumweleza hisia za Radi, maana hapo hatakusikiliza. Mwendee na hesabu. Mwambie alinunua farasi mzuri aliyefunzwa kazi nyingine, na kwamba akimpandisha mgeni asiyejua farasi juu ya mnyama anayesimama wima ukingoni, siku moja atamlipia mtu hospitali na kisha mwanasheria. Mwambie wageni wa msimu huu wapewe farasi waliozoea, Radi aje nyuma bila mgeni, apandwe na saisi, ajifunze kwa kuwatazama wenzake. Hata akivuka vizuri kabla ya mwezi wa saba, asipewe mgeni msimu huu. Kuvuka mara chache na mtu anayemjua si sawa na kuvuka akiwa na mtu anayepiga kelele na kushika simu. Halafu mwombe muda wa asubuhi, robo saa kila siku, na umwonyeshe anachofanya Radi kila baada ya wiki mbili. Tajiri anayeona maendeleo huwa mpole kuliko anayesikia ahadi.

Kuna uwezekano kwamba Radi hatakuwa farasi wa njia ya maji kamwe. Wapo hao, wanaovuka wakilazimika na wasifurahie hata siku moja. Huyo anaweza kuwa farasi hodari wa uwanjani, wa kufunzia watu wanaojua kupanda, au wa njia za nchi kavu. Akiuzwa kwa kazi inayomfaa, hujashindwa. Akiuzwa kwa sababu amepigwa mpaka amekuwa hatari, hapo tutakuwa na la kujibu.

Kuhusu kuacha kazi: usiache kwa sababu ya jina la saisi wa nchi kavu. Wenzako wanaocheka, muulize mmoja wao kwa upole amewahi kumfunza farasi wa mbio kuvuka maji, au alimkuta farasi ameshafunzwa na mtu mwingine. Ngoja jibu. Ila msimamizi akikulazimisha tena kumchapa mnyama ukingoni, mkatalie mbele ya watu, kwa adabu, na siku hiyo hiyo umweleze tajiri kabla hajaelezwa na mwingine. Akikufukuza kwa hilo, masaisi wanaojua kungoja hawajazidi huko kwenye mashamba ya farasi, na sifa ya mtu mwenye mikono mizuri husafiri haraka kuliko barua.

Daktari akishampima, niandikie amekuta nini. Mimi dau langu liko kwenye meno.